Chai Isiyo na Chai

Shangazi,

Baridi ya huku Leeds imenifanya niisamehe ya kwetu Kibugu ya mwezi wa Julai, ambayo sasa naona ilikuwa inatutania tu.

Uliniuliza kwenye simu kama Waingereza wanajua kupika chai. Hawapiki, Shangazi. Wanatumbukiza kifuko kikombeni, wanamwaga maji moto, kisha tone la maziwa baridi kutoka kwenye friji. Hakuna sufuria, hakuna kufura na kuzima jiko.

Lakini hilo ni dogo. Juzi mwenzetu wa kazini alitualika kwake saa kumi na moja jioni, tukanywe "tea". Kijana wa Meru ninayekaa naye akaona kikombe na biskuti havitamfikisha usiku, akamaliza sahani mbili za githeri kabla hatujatoka. Kufika, meza imejaa: pai ya nyama, viazi, njegere, mchuzi mzito. Mama mwenye nyumba kila akigeuka anamwongezea. Mmeru wa watu alikula kwa heshima, jasho likimtiririka. Na chai? Hata harufu yake hatukuisikia.

Kumbe huku kaskazini mwa Uingereza "tea" ndicho chakula cha jioni! Wafanyakazi wa viwanda na migodi walirudi na njaa, wakala chakula cha moto na kuteremshia chai. Jina la kinywaji likameza la chakula.

Na neno lenyewe si lao. Wachina wa Fujian husema "te". Waholanzi wakalipakia melini pamoja na majani. Samuel Pepys, mwandishi wa shajara wa London, alionja kikombe Septemba 1660, akaandika "tee". Letu limetoka kwa Wachina wengine, wasemao "cha", likapita nchi kavu hadi Uajemi, likapata mkia, ndipo likafika pwani yetu. Sisi nasi tukalipa kazi ya pili: nilipomweleza mwenyeji wetu kwamba askari wa barabarani akikuomba chai hana haja na kikombe, alicheka hadi akaweka uma chini.

Sasa, Shangazi, akipatikana msafiri, mpe kilo moja ya majani ya kiwanda cha Mungania. Tangawizi usihangaike nayo, huku iko tele. Sufuria nimeshanunua.