Mpini Mmoja, Mashine Mbili
Miongoni mwa wafua visu wa ridhaa nchini Marekani, mpini wenye mbonyeo wa kidole ni nadra kuchongwa kabla mwenyewe hajamiliki mashine ya msasa wa ukanda, yaani utepe wa msasa wenye upana wa inchi 2 na urefu wa inchi 72 unaozungushwa na mota. Na kwa kuwa gurudumu lake kubwa haliingii kwenye mbonyeo huo, hununuliwa magurudumu madogo, kisha kidhibiti mwendo, kisha mashine nyingine ya ngoma, ambayo ni silinda nyembamba iliyovikwa msasa. Ukanda uliolegea, yaani sehemu isiyoegemea gurudumu wala bamba, huviringisha kingo za mpini vizuri bila gharama ya ziada, na pengine ndiyo sababu hausifiwi. Mashine hizo, pamoja na bei zake, hazina huruma: makali yaliyokwisha kutiwa ugumu kwa moto yakisuguliwa hadi yageuke buluu yamepoteza ugumu huo, na kisu kinabaki cha kupakia siagi, mpini ukimeremeta. Tupa ya nusu duara huchonga mbonyeo uleule taratibu, bila umeme wala kuunguza kitu, ila kwa bahati mbaya haipendezi pichani.