Mkalimani wa Alama Darasani: Mwongozo kwa Mwenye Mikono Miwili Tu

Hongera kwa kupangiwa shule. Mkuu wa shule atakutambulisha mstarini kuwa "mwalimu wa mabubu". Usibishane naye mbele ya wanafunzi. Msubiri ofisini umweleze kwamba ni viziwi, na kwamba wewe ni mkalimani, si mwalimu. Ataitikia vizuri kabisa, kisha atakupangia zamu ya wiki na kukukabidhi funguo za stoo.

Kile kitenge chenye tausi kifuani kiache nyumbani, vidole hupotea kwenye manyoya. Vaa shati la rangi moja isiyofanana na ngozi yako. Usilipe dirisha mgongo, utageuka kivuli. Simama karibu na ubao, maana mwanafunzi kiziwi ana macho mawili tu na yote mawili ndiyo anayosikilizia.

Sasa Baiolojia, Kidato cha Kwanza. Mtoto ametoka shule ya msingi na Kiswahili chake, huku anapokewa na Kiingereza. Mwalimu anaugeukia ubao: "Hii inapita hapa, halafu ile inakuwa hii." Hii ipi? Mgongo wake umeziba yote. Mara anatamka "photosynthesis", nawe alama yake huijui. Anza kuiandika kwa vidole, herufi 14. Ukifika kwenye y, mwalimu yuko kwenye mizizi.

Akitania kwa kaa wa pwani na kaa la moto, darasa litaangua kicheko. Viziwi wako watakukodolea macho, kwa sababu mikononi kaa hao hawafanani hata kidogo. Mwalimu atakutazama kama uliyemwaga mchuzi wake.

Siku nyingine atanung'unika kuhusu kiziwi mmoja: "Huyu naye mvivu! Hiyo usimwambie." Tafsiri yote, pamoja na hiyo "usimwambie". Utapoteza rafiki wa chai ya saa nne, lakini wenzake wote wamesikia. Kwa nini yeye asijue?

Kubwa zaidi ni lile swali analokuuliza wewe huku mwanafunzi mwenyewe ameketi mbele yake: "Ameelewa?" Ulimi utakuwasha useme ndiyo, kipindi kiishe. Usijibu. Mgeukie mwanafunzi, umuulize kwa mikono, usubiri.

Na mabega yakianza kuuma, vumilia. Kipindi ni dakika 40, leo ni viwili mfululizo. Kwa kawaida wakalimani hupokezana kila baada ya dakika 20 hivi, ila wa kukupokea hajaajiriwa.