Nani Atafua Nazi?

Kibaha, ukiwa na noti ya elfu kumi mfukoni, huna haja ya kujua kufanya kitu chochote. Pita sokoni Maili Moja jioni: kisamvu kimeshatwangwa, kitunguu saumu kimeshamenywa, kuku ameshachinjwa na kunyonyolewa, na nazi unampa kijana mwenye mashine anakukunia huku unachati. Ukifika nyumbani anakupitia kijana wa kucha akigonganisha vichupa vyake vya rangi, maana hata kukata kucha kumetushinda. Kifungo cha shati kikikatika, fundi cherehani yupo barazani. Ofisini kwetu tai zote zilifungwa na mzee mmoja wa masijala, naye akastaafu. Tangu siku hiyo hakuna mwanaume anayefungua tai yake. Tunailegeza, tunaivulia kichwani, tunaitundika msumarini na fundo lake, tukiomba Mungu mtoto asije akaigusa.

Wazee wanasema hii ni laana. Mimi nasema ni hesabu. Mtu anaamka saa kumi alfajiri kugombea gari la mjini, anarudi saa tatu usiku na vumbi la Barabara ya Morogoro kwenye kope, halafu akune nazi saa ngapi? Hatujasahau kazi za mikono, tumezinunua kwa wenzetu kwa bei nafuu. Tabu inaanza pale ambapo muuzaji hayupo.

Na ajabu ni kwamba haya yanatokea Kibaha, mji ambao elimu yake ilianza na jembe mkononi. Mwaka 1963 nchi za Nordic (Denmark, Finland, Norway na Sweden) zilianzisha hapa mradi wenye shule, huduma za afya na mafunzo ya wakulima, na mwaka 1970 ukakabidhiwa kwa Serikali ukawa Shirika la Elimu Kibaha. Mjomba wangu alisoma enzi za Elimu ya Kujitegemea, ile aliyoitangaza Mwalimu Nyerere mwaka 1967. Alitoka shuleni anajua aljebra na anajua kuchanja kuku dhidi ya kideri, na mpaka leo haelewi kwa nini mtu ajue kimoja akose kingine. Sasa sera ya elimu, toleo la 2023, imeleta mkondo wa amali, watoto wafundishwe tena kazi za mikono. Mpwa wangu amekosa vyote viwili. Alizaliwa jembe limeshaondoka na amali haijafika. Ana shahada ya uhandisi.

Huyo ndiye niliyefuatana naye, pamoja na mkewe, kwenda kwenye harusi kwa shangazi yangu Kisarawe, ndani huko, ukishapita Maneromango. Aliendesha kwa kufuata ramani ya simu, na simu ikatangaza kwa sauti nzuri kabisa kwamba tumefika. Tulikuwa katikati ya mikorosho. Namba ya nyumba tulikuwa nayo, maana kabla ya sensa ya 2022 nchi nzima iliwekewa anwani za makazi. Ila shangazi alipojenga jiko jipya, mlango wenye namba aliuhamishia kwenye banda, kwa hiyo mwenye anwani rasmi pale kwake ni mbuzi.

Tukampigia shangazi simu. "Mnapoteaje? Si niliwaambia mkifika kwenye mnazi wa radi mkate kulia?"

Mnazi wa radi ulianguka wakati wa mvua za El Nino, mwaka 1997. Lakini tulipomuuliza mtoto wa shule aliyekuwa anapita na ndoo, mtoto ambaye hata wazazi wake huenda walikuwa hawajajuana mwaka huo, alituonyesha kwa kidole mahali palipo patupu na kusema, "Si ule pale?"

Kwenye shughuli ya kijijini, jikoni hakuna wa kulipwa. Mkuu wa jiko ni shangazi, naye anakupangia kazi kwa kukutazama mabega tu. Mpwa wangu ana mabega. Akapewa nazi.

Wasiojua, kifuo ni mti uliochongwa ncha na kuchimbiwa ardhini. Unaipigiza nazi kwenye ncha, unaisokota kwa nguvu ya kiwiko, kumbi linaachia; unageuza, tena, tena, na nazi inatoka uchi na manyoya yake kichwani. Anayejua hamalizi hata salamu. Mpwa wangu aliizungusha nazi mikononi akitafuta pa kufungulia. Akaomba panga, akanyimwa, kwa sababu shangazi anaipenda miguu ya wajukuu zake ikiwa pea. Akaenda kusimama juu ya kichuguu, ndipo penye mtandao, akatazama video ya jamaa wa Ufilipino. Aliporudi aliwaeleza watoto waliomzunguka kwamba kifuo kimsingi ni nyenzo, akawachorea mchangani egemeo liko wapi na mzigo uko wapi. Watoto walimsikiliza kwa adabu. Alipomaliza, kabinti ka darasa la nne kakachukua ile nazi, kakaifua, kakairudisha mikononi mwake na kumwambia, "Shikamoo."

Shangazi alikuwa ameyaona yote kutoka jikoni. Yeye kwake mpwa wangu ni mjukuu, kwa hiyo utani ni ruksa.

"Mume wangu," akasema, "kwa nazi hii nipe talaka yangu leo leo."

Mimi nilikalishwa kwenye mbuzi. Kukuna najua, nilifundishwa utotoni kwa makofi. Unazungusha kifuu taratibu, unachukua nyama nyeupe na kuiacha ile ngozi ya chini, kwa sababu ukiikwangua mpaka mwisho tui linakuwa la kijivu na wageni wataonja uvivu wako kwenye wali. Kwa hiyo kazi yangu haikuwa na kasoro hata moja. Kilichonishinda ni kuinuka. Kile kibao kiko chini mno kwa mtu mwenye umri wangu na cheo changu, na niliinuliwa na wapishi wawili huku wakipokea nazi iliyokunwa kwa mkono mwingine.

Mke wa mpwa alipewa ungo. Sitasema mengi, yule ni mkwe wa watu. Niseme tu kwamba kuku wa shangazi ndio waliofungua harusi, na mchele waliokula ulikuwa safi kuliko uliobaki kwenye ungo.

Moto nao ulikuwa hadithi. Mpwa, akijaribu kurudisha heshima, alimkumbusha shangazi kwamba kuna mkakati wa taifa wa nishati safi ya kupikia, umezinduliwa 2024, na kwamba ifikapo 2034 asilimia 80 ya Watanzania watakuwa wanapikia nishati safi. Shangazi akamsikiliza mpaka mwisho. "Vizuri sana, mume wangu. Ila wageni wanakuja saa saba." Akampa kuni mbichi apulize. Baadaye ilipofika kupalia wali, kijana mwenye shahada alipoona makaa yanawekwa juu ya mfuniko alidhani kuna mtu amekosea, akayaondoa yote kwa wema.

Wali ukakaa saa nzima zaidi jikoni. Katika saa hiyo kanzu ya bwana harusi ilikatika kifungo, na sindano ikazunguka mikononi mwa watu wazima waliokuwa wanalamba uzi bila kuliona tundu. Aliyekishona ni dereva wa bodaboda, ambaye hushona mwenyewe kiti cha pikipiki yake. Alitumia uzi mweusi wa nailoni na fundo ambalo naamini litadumu kuliko ndoa nyingi.

Ukiyasikia haya utadhani shangazi anajua kila kitu. Hajui kusoma ujumbe wa simu, na hana mpango wa kujifunza, kwa sababu ana wajukuu. Tofauti yake na sisi wa Kibaha ni kwamba yeye mafundi wake anawalipa kwa kuwafokea. Michango yote ya harusi ilikuwa kwenye simu yake, na namba ya siri ameigawa: mjukuu mmoja anajua tarakimu mbili za mwanzo, mwingine mbili za mwisho, wala hawaruhusiwi kuambiana. Hakuna benki yenye ulinzi wa namna hiyo. Jioni mwenye muziki alipodai pesa yake, mwenye tarakimu za mwanzo alifika mbio. Mwenye za mwisho alikuwa juu ya mfenesi, amenuna, na hashuki mpaka arudishiwe paja la kuku alilonyang'anywa na mwenye za mwanzo.