Matope Yenye Adabu
Msitu wa Karura, Nairobi, una wapenzi wengi. Jumamosi utawaona langoni: viatu vya mbio vya maelfu, saa ya kuhesabu mapigo ya moyo, na uso uliokunjwa kwa sababu ya kiingilio kisichofikia bei ya kahawa watakayokunywa humo humo baadaye. Kwani miti inakula pesa? Miti haili, bwana. Anayekula ni kijana wa jembe, aliyezibua mtaro baada ya mvua usije ukateleza. Mwaka 1999 mwanamazingira Wangari Maathai alipigwa hadi kichwa kikatoka damu akiutetea msitu huu; wewe unatetea chenji. Serikali nayo, ilipoagiza mwaka 2025 malipo yote ya msitu yapitie eCitizen, mfumo wake wa malipo mtandaoni, iliamini bila shaka kwamba matope yatasubiri kwa adabu mpaka fungu litoke Hazina.