Subiri Kidogo, Mzee

Kila mwenye nyumba ya kupangisha Arusha ana mshauri asiyemlipa na asiyeweza kumfukuza: dalali. Wangu ananiamkia kwa adabu zote, "Shikamoo mzee," halafu ananizuia kuuza. Mtu angedhani anataka chake cha mauzo. Lakini kila mpangaji mpya humwachia kodi ya mwezi mmoja, na kwangu wapangaji hawakai.

Nyumba yenyewe iko Sombetini, vyumba sita, choo cha uani. Niliijenga enzi za Mahakama ya Kimbari ya Rwanda, Njiro ikipangishwa kwa dola na watu wakihama majumba yao kuwapisha wageni wa Umoja wa Mataifa, wenyewe wakaenda kubanana kwa mashemeji. Nikajua nami nitapata hakimu. Niliyempata ni fundi aliyempakia hakimu rangi, naye alihama usiku.

Mahakama ilipofungwa, 31 Desemba 2015, nikataka kuuza. "Subiri kidogo mzee, soko limelala." Mwaka 2020 korona ikafukuza watalii, wapagazi wa Meru na Kilimanjaro waliopanga kwangu wakarudi kwao na funguo zangu. "Subiri kidogo." Sasa wimbo ni AFCON 2027. Uwanja wa watazamaji 30,000 unajengwa Olmoti, na dalali anaapa kwamba siku ya mechi filimbi ya refa itasikika hadi barazani kwangu. "Uuze sasa hivi? Mzee, umelogwa?"

Huku nikisubiri, nyumba inanila. LUKU ndiyo balaa lenyewe. Mita ni moja, vyumba sita. Mama wa chumba cha tatu huchemsha maharage kwa jiko la umeme, mlango kaufunga, redio kaifungulia sauti ya juu, kana kwamba harufu nayo inasikilizwa kwa masikio. Halafu tangu Agosti 2021 kodi ya jengo inakatwa humohumo kwenye umeme. Anayepaswa kuibeba ni mwenye jengo, na wapangaji wangu, ambao tarehe ya kodi ya chumba huwatoka kichwani, hilo wanalo kwa ghibu. Kijana wa chumba cha mbele alinifuata hadi dukani, simu mkononi, ujumbe wa tokeni kaukuza hadi nikausoma bila miwani. "Mzee, hii buku jero ni yako." Nikamrudishia. Nilipofungua mdomo kumkumbusha kodi anayodaiwa, tayari alikuwa juu ya bodaboda.

Mnunuzi wa kweli alipatikana mara moja tu, mkulima wa nyanya wa Usa River, mpole, fedha anayo. Mwanasheria akagoma kugonga muhuri bila sahihi ya mke wangu. Nikamwita. Mama akakunja kanga yake, akatuambia kwa utulivu kwamba chumba cha tatu na cha nne ni vya kikoba chake. Nilikuwa nikijiita mwenye nyumba, kumbe nami nina mwenye nyumba wangu. Tukiwa hatujapoa, likaja suala la kodi ya serikali: asilimia 10 ya faida. Faida ilipigwa kwa stakabadhi, na stakabadhi zangu za saruji zilikuwa zimeliwa na mchwa. Mkulima akaaga, akasema anawahi kumwagilia.

Tangu hapo sisikilizi habari za soko, naangalia bati. Masika yakipita, fundi akileta hesabu yake na kodi ya mwaka mzima ikashindwa kuifikia, basi nyumba hiyo haipangishwi tena, inafugwa. Yangu imefika huko, AFCON ije isije.

Kwa hiyo inauzwa. Mwenye nia aje kwangu moja kwa moja, na fedha mkononi; ya kikoba tutayazungumza na mama. Ukikutana na dalali njiani, mwambie unakwenda msibani.