Namna ya Kusoma Riwaya Wakati wa Kipupwe Mwanza

Wenzetu wa Ulaya theluji ikidondoka hujifungia ndani na riwaya nene. Sisi wa Mwanza theluji hatuna, ila kipupwe tunacho: Juni hadi Agosti, alfajiri upepo wa ziwani ukivuma, hata bodaboda wa Kirumba huvaa koti la mtumba lenye manyoya. Saa sita mchana mawe yameshapata moto na koti liko kwenye usukani. Msimu wa kusoma ni mfupi, kwa hiyo zingatia yafuatayo.

1. Vaa sweta. Bila sweta hakuna atakayeamini kwamba unasoma. Kitabu kinaweza kusubiri.

2. Chagua kitabu kinene. Hapa hakuna mpinzani wa *Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka*, riwaya ya Aniceti Kitereza wa Ukerewe. Mzee huyo aliimaliza kwa Kikerewe mwaka 1945, akakosa wa kuichapa, akaitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili. Ikatoka 1980, naye akafariki 1981. Kama yeye alisubiri miaka 35, wewe usione haya kumwongezea mingine. Tahadhari: kiweke mezani kipigwe picha, usikifungue. Humo Bugonoka amerudishwa kwao kwa kuwa hajazaa, na mumewe anatozwa pombe ya ndizi ili akomboe ndoa yake. Ukitaka kujua iliishia wapi, utaunguza sato jikoni.

3. *Rosa Mistika* isome kwa kujificha. Euphrase Kezilahabi, Mkerewe mwingine, aliitoa mwaka 1971, ikapigwa marufuku shuleni. Wanafunzi wakaisoma chini ya dawati, tena kwa bidii ambayo hisabati haijawahi kuipata. Baadaye iliporuhusiwa darasani, wakahamia kwenye muhtasari. Mwenye kutaka vijana wasome, basi, aanze kwa kuwakataza.

4. Tafuta mahali. Zamani foleni ya kivuko cha Kigongo–Busisi ilikuwa maktaba ya bure: ukikosa zamu, unapata sura nzima. Juni 2025 Daraja la J.P. Magufuli likafunguliwa, kilomita 3 juu ya maji, na sasa unavuka kabla aya haijaisha. Maendeleo hayana huruma na wasomaji. Imebaki meli ya kwenda Nansio, Ukerewe, yenye saa za kutosha. Ila ukifungua kitabu, jiandae kwa jirani wa kiti:

"Kijana, mtihani lini?"

"Shikamoo, mzee. Sina mtihani."

"Marahaba. Sasa unasoma nini?"

Usijaribu kumweleza. Sema mtihani ni Jumatatu, atakuombea dua na kukuacha usome.

5. Andaa sababu za akiba. Kipupwe kikiisha, sema joto. Vuli ikianza, sema mvua. Umeme ukikatika, sema giza. Ukirudi, kuna mpira kwenye runinga. Mtu mwangalifu hufika Juni nyingine bila kugusa ukurasa wa pili.

Kwa mbishi anayetaka kusoma kweli, ushauri ni mfupi. Riwaya hizi mbili zimeandikwa na watu wa kisiwa kimoja, ng'ambo tu ya maji tunayoyaona kila siku, na hakuna hata moja inayodai baridi. Anza na *Rosa Mistika*, haina kurasa nyingi. Ukiimaliza, mtafute Myombekere, hata kama ni Oktoba na jua linawaka.