Bahasha Juu ya Friji

Hakimu hakuniuliza, kwa hiyo naisema hapa: usiku ule mlevi nilikuwa mimi.

Tulikuwa tumetoka kwenye sendofu ya binti wa Watanzania wenzetu huko Stockton, kilomita 80 hivi kusini mwa Sacramento tunakoishi. Nilikuwa nimechanga dola 200 na nilikusudia kuzinywa zote. Mke wangu ndiye tuliyekubaliana ataendesha, kwa hiyo alijipimia: glasi mbili za mvinyo kwa hesabu yake, tatu kwa hesabu ya mawifi, na kwa hesabu ya kile kidude cha polisi, asilimia 0.11. California mwisho ni 0.08.

Mimi nilikuwa nimelala kiti cha nyuma, tai imehamia sikioni. Kishindo ndicho kilichoniamsha. Barabara kuu yote tulikuwa tumeimaliza salama, tumeshaingia mtaani, zimebaki nyumba tatu tufike, ndipo mke wangu akayazoa mapipa ya jirani yote matatu: la taka, la majani na la chupa. La chupa ndilo lililoamsha mtaa.

Polisi alimtembeza juu ya mstari. Sasa, mke wangu alikuwa amevaa gauni la kitenge lililobana hadi magotini kisha likaachia chini kama mkia wa samaki, na gauni lile hata akitoka kuungama hawezi kunyoosha nalo hatua tatu. Akavua viatu. Akapuliza. Akatiwa pingu. Mimi niliulizwa swali moja tu, kama naweza kufika nyumbani kwa miguu. Nikajibu naweza, na nikafika, ingawa kwa kupitia kwenye maua ya jirani yuleyule.

Asubuhi alirudi na karatasi ya pinki. Leseni ya udereva polisi amebaki nayo. Karatasi hiyo ndiyo leseni kwa siku 30, na ana siku 10 za kuomba asikilizwe na idara ya magari, ambayo ina kesi yake mbali na ya mahakama. Nikajitia uanaume. Nikamwambia mama watoto asijali, nitampeleka kazini mwenyewe, hata zamu za usiku.

"Hiyo siyo leseni ninayoiwaza," akasema.

Aliyoiwaza imetundikwa sebuleni kando ya picha ya ndoa. Ni leseni ya uuguzi. Alisomea Moshi, akafika huku akaambiwa aanze upya kuthibitisha kila kitu, akafanya mtihani mara mbili na mtoto mgongoni. Chini ya kile kikaratasi tumejipanga kama vifaranga: kodi ya nyumba, ada za wadogo zake wawili, bati za nyumba ya mama yangu Marangu, na kiwanja cha Bomang'ombe tulichokilipia nusu. Mimi ni mbeba boksi, tena bila mafumbo, maana ninafanya kazi ghalani na ninayobeba ni maboksi. Boksi haliulizi aliyelibeba alikunywa nini jana.

Ushauri wangu wa kwanza ulikuwa tunyamaze. Akacheka cheko ambalo sikulipenda. Nesi anaposajiliwa California huchukuliwa alama za vidole, na alama hizo hukaa kwenye idara ya sheria ya jimbo. Akikamatwa, taarifa inakwenda yenyewe kwenye bodi ya wauguzi. Na akitiwa hatiani anatakiwa ajiripoti mwenyewe ndani ya siku 30. Bodi yenyewe iko hapahapa Sacramento; siku nyingine tunapita karibu na ofisi zake tukienda kununua ndizi.

Ushauri wa pili nilimpelekea wakili nikiwa najiona mjanja. Nikamwambia hakuwa kazini, hakugusa mgonjwa, aligusa mapipa. Wakili akaniambia hoja hiyo ilishafika mbali kuliko mimi. Kulikuwa na nesi wa California aliyepatikana na kosa hilihili, mara moja tu, akadai mambo ya barabarani hayahusiani na wodi. Mwaka 2012 mahakama ya rufani ikasimama na bodi: sheria ya wauguzi inataja yenyewe kutumia kilevi kwa namna ya kuhatarisha nafsi au watu wengine, na hakuna haja ya kumtafuta mgonjwa aliyeumia. Ushauri wa tatu ulikuwa tuhamie Texas kwa binamu. Huo hata sikuumalizia, kwa sababu adhabu za wauguzi huwekwa kwenye hifadhi moja ya nchi nzima, na Texas wangemsoma kabla hatujafungua mabegi.

Katikati ya hayo, wiki mbili baada ya mapipa, mama yangu akaja.

Nilikuwa nimemwombea makazi miaka miwili kabla, na karatasi zikachagua wiki ile. Watoto wanamwita Bibi, na sote tumeishia kumwita hivyo. Tukakubaliana asijue. Bibi alinisomesha kwa mbege, pombe ya ndizi. Alikuwa akiipika na kuiuza pale nyumbani, na ada yangu ya sekondari nilikuwa naipeleka kwa noti zenye harufu ya ndizi zilizochacha. Ningeanzaje kumweleza?

Mahakamani mke wangu alikiri. Faini ya msingi kwa kosa la kwanza huanzia dola 390, ukasema kumbe siyo mbaya, kisha zinapangwa juu yake nyongeza za jimbo na za kaunti hadi inavuka elfu moja na kuendelea. Darasa la walevi miezi mitatu. Na ili aendelee kuendesha akachagua kufungiwa garini kile kifaa cha kupuliza, miezi sita. Bila kupuliza gari haliwaki, na njiani kinalia upulize tena. Kila anayeshika usukani wa gari hilo anapuliza, hata mimi niliyetumwa maziwa.

Bibi akatuona.

"Wote wawili mna pumu?"

"Ndiyo, Mama. Hewa ya huku." Ilikuwa msimu wa mioto ya misitu, anga rangi ya chungwa, kwa hiyo uongo ulikuwa na mashahidi.

Kuanzia hapo tulifukizwa majani ya mkaratusi kila jioni. Tukalishwa tangawizi na asali. Na kwa kuwa mgonjwa wa kifua anahitaji nguvu, Bibi akaanza kutengeneza togwa. Togwa ya siku ya kwanza ni uji mtamu. Ya siku ya tatu inakuchekea kwenye kikombe. Alfajiri moja mke wangu akaipiga bilauri nzima, akaenda garini akapuliza, na gari likakataa. Nilimkuta amekaa gizani, sare nyeupe, mikono kwenye usukani, analia bila sauti kwa sababu Bibi alikuwa dirishani akimpungia. Alisukutua maji, akasubiri, akapuliza tena ikakubali. Lakini kifaa kile kina kumbukumbu kuliko mawifi. Ile ya kwanza iliandikwa, na ikabidi aielezee togwa kwa maandishi. Wewe jaribu kuieleza togwa kwa Kiingereza cha mahakama.

Kwa bodi alijiripoti siku ya 19. Kisha kimya. Kifaa kikatolewa garini, pumu yetu ikapona, Bibi akatoa ushuhuda kanisani. Mwaka ukapita na zaidi. Nikaanza kusema wametusahau, neno ambalo mwenye akili halisemi kwa sauti.

Bahasha ililetwa Ijumaa. Mke wangu alikuwa amelala baada ya zamu ya usiku, nikaitia sahihi mimi. Kubwa, nene, imeandikwa jina lake. Nikaiweka juu ya friji nimpe akiamka, nikaenda kazini, na hiyo ndiyo mara ya mwisho kuikumbuka.

Aliyetukumbusha ni shemeji yetu mmoja kwenye kundi la WhatsApp: "Pole sana shem, tumeona." Tumeona nini? Mashtaka ya bodi dhidi ya nesi ni ya wazi. Yanawekwa kwenye tovuti, jina lake lote, mtu yeyote anasoma, na watu wetu wanasoma. Mke wangu akaja chumbani na simu mkononi.

"Bahasha iko wapi?"

Anayepelekewa mashtaka hayo ana siku 15 za kujibu kwamba anataka kusikilizwa. Asipojibu, bodi inaweza kuamua bila yeye, na uamuzi unaweza kuwa kumfutia leseni. Tulihesabu kwa vidole. Ilikuwa siku ya 13.

Juu ya friji kulikuwa na kapu la mikate na vumbi. Nilivuta friji. Nilimwaga pipa la karatasi sebuleni nikapekua matangazo ya pizza moja moja. Mke wangu alipekua begi la watoto la shule. Bibi alikaa kwenye kochi akitutazama.

"Mnatafuta nini?"

"Karatasi, Mama."

"Karatasi gani ya kuvulia shati?"

Ndipo nikaketi sakafuni na kumwambia yote, kuanzia Stockton. Alinisikiliza hadi mwisho. Sikuwa nimejiandaa kwa swali lake.

"Na wewe ulikuwa wapi?"

"Nyuma. Nimelala."

"Nilipika mbege miaka yote ile usome, uwe mtu wa kukaa mbele," akasema. Akamgeukia mke wangu, akamwita mwanangu, akamshika mkono. Kisha akainuka kwenda jikoni, na tukasikia uzi ukikatwa.

Bibi hatupi karatasi nzuri. Aliiona bahasha imekaa siku nzima bila mwenyewe, ngumu, safi, akaona ni mfuniko. Ilikuwa imefungwa juu ya sufuria ya togwa siku kumi na zaidi, imevimba katikati kama ngoma. Ndani kurasa zilikuwa salama isipokuwa pembe ya chini. Fomu ya kujibu ilifika kwa wakili siku ya 14, mapema asubuhi, ikinukia chachu. Wakili aliinusa, akatutazama mmoja mmoja. Mke wangu akasema, "Togwa," na hakuongeza neno.

Hatukufika kwenye kusikilizwa. Yaliishia kwenye makubaliano. Tulipeleka cheti cha darasa, barua za wakuu wake wa wodi, tathmini za kazi zisizo na doa. Nilikuwa naye uamuzi ulipofika. Mstari wa kwanza unasema leseni imefutwa. Mke wangu akaishiwa miguu. Mstari wa pili unasema kufutwa huko kumesitishwa, na anawekwa chini ya uangalizi miaka mitatu. Aliyeandika hivyo hajawahi kumsomea barua mtu anayempenda.

Masharti ni kurasa kadhaa. Msimamizi wake kazini anaandika ripoti. Haruhusiwi kazi za wakala wala za kuzunguka majumbani kwa wagonjwa, na hapo ndipo kazi yake ya pili ilipokufa, na Bomang'ombe nayo tukamrudishia mwenyewe. Gharama za uchunguzi wa bodi analipa yeye. Pombe asiguse kabisa, wala dawa ya kikohozi yenye kilevi, na vipimo vya mkojo ni kati ya 52 na 104 kwa mwaka wa kwanza. Kipimo hicho kinaona masalia ya kilevi hata siku tatu nyuma, na kina macho makali mno: dawa ya kusukutulia inaweza kumtia mashakani, hata ile jeli ya kutakasa mikono ambayo nesi anajipaka kutwa nzima. Siku hizi anaosha kwa sabuni na maji hadi vidole vinapasuka. Vanila imehama jikoni. Togwa pia, Bibi sasa anapika uji wa ulezi na kuusimamia unywewe ukiwa wa moto.

Mimi nimeacha pombe. Hakuna bodi inayonipima, na hakuna aliyenipongeza.

Kila asubuhi mke wangu anapiga namba fulani kujua kama siku hiyo ni zamu yake ya kupimwa. Anaweka sauti ya nje huku akisuka nywele za mtoto. Mara ya kwanza Bibi aliposikia ile mashine ikisema "selected" alipiga kigelegele. Kiingereza chake ni kidogo, ila neno hilo analijua, kwa sababu ndilo nililomtumia kwa simu mwaka niliposhinda bahati nasibu ya viza, na Marangu walichinja.

Tukamweleza. Sasa anakaa karibu na simu kuliko sote. Wakisema hapana, anamwaga uji bakulini. Wakisema ndiyo, anafunika sufuria kwa mfuniko wa kweli, anajitanda kanga yake, anachukua mkoba, na kumtangulia mkwe wake kwenye gari. Anakaa mbele. Huko maabara wameshamzoea. Wanamwekea kiti karibu na mlango wa choo, naye anashika pochi ya mke wangu mapajani hadi atoke.